Mkubwa Ameshasema

Nje ya mahakama ya mji wa bandari wa Mahajanga, kwenye baraza, palikuwa na benchi ambalo watu wa mji waliliita benchi la Abdérémane, ingawa lilikuwa mali ya serikali na Wakili Abdérémane Soudjay mwenyewe hakuwahi kulikalia. Alilikuta limetupwa uani, mguu umevunjika, akampa seremala wa mtaa wa Mangarivotra alitengeneze. Tangu hapo, kila mwaka aliwakalisha juu yake vijana waliomaliza shahada ya sheria mji mkuu na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Ulikuwa mwaka wa nane wa uhuru, na uchumi ulikuwa umelala chali. Vanila haikuwa na bei, maduka ya Wahindi yalifungua upande mmoja tu wa mlango, na serikali ilikuwa imetoa amri kwamba hakuna kuajiri. Mtumishi akistaafu, nafasi yake inastaafu naye. Vijana wa sheria ndio walioumia zaidi. Fundi akikosa kazi anaweza kufungua karakana. Mtu aliyesomea utumishi wa mahakama atafungua nini? Atafungua mdomo, na mdomo wenye njaa nani anausikiliza?

Abdérémane hakuziamini barua za maombi. Alisema barua haina uso, na mkubwa wa ofisi haoni haya kuitupa. Njia yake ilikuwa nyingine. Vijana walikaa benchini tangu asubuhi wakiwasaidia bure watu waliokuja na hati za wito wasizozielewa: mjane wa Mangarivotra, mchuuzi wa samaki, Msakalava aliyetembea kutoka bara kwa ajili ya kesi ya ng'ombe. Makarani waliwazoea, mahakimu wakawazoea. Kisha siku moja Abdérémane aliwaambia vijana wabaki nyumbani. Foleni ilijaa mpaka barabarani, kelele zikaingia hadi ndani, na mkuu wa ofisi akatoka na kuuliza wale vijana wako wapi. "Wamekwenda kutafuta penye mshahara, mheshimiwa," Abdérémane alijibu kwa upole mkubwa, uso mkavu. Kwa hila hiyo, mkuu akiwatafutia vibali kwa wakubwa wenzake, Youssoufa aliingia forodha, na Fatima, binti mbishi asiyemwogopa mtu, akaingia ofisi ya vizazi na vifo.

Alibaki Boinali, na Boinali ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye akili kali na sauti ndogo. Akimweleza mwanamke wa sokoni hati yake, mwanamke aliondoka anacheka. Lakini akiitwa na mkubwa yeyote alikunja mabega, akatazama vidole vya miguu yake, na nafasi mbili zilizotokea zilikwenda kwa wengine kwa sababu hiyo. Baba yake, Mngazidja, alikuwa mpagazi wa bandarini mpaka alipofariki. Mama yake alikuwa Msakalava wa kisiwa cha Nosy Be. Siku moja alimwambia Abdérémane, bila uchungu wowote, "Baba, nikikosa tena nakwenda kubeba magunia. Mama hawezi kula shahada." Abdérémane hakulala vizuri wiki ile.

Hapa inafaa nieleze jambo juu ya huyu wakili, maana bila hilo hadithi haina miguu. Kwa Wangazidja, mwanamume hasimami mbele ya watu akasema mpaka afanye anda, ile ndoa kubwa ya ng'ombe na dhahabu na karamu za kulisha mji. Akishaifanya huitwa mtu mzima. Anakaa safu ya mbele, anasema, na akishasema yamekwisha. Asipoifanya, hata mvi zikimjaa kichwani, yeye bado ni mwana wa mji: anakaa nyuma, anabeba sinia, anawamiminia wakubwa maji ya kunawa. Abdérémane alizaliwa Mahajanga na Ngazidja, kisiwa cha wazee wake, alikwenda mara chache tu, lakini desturi huvuka bahari bila nauli. Mahakamani alinguruma mpaka waendesha mashtaka wakasahau walichotaka kusema. Mangarivotra, kwenye shughuli za watu wake, alibeba sinia pamoja na vijana wenye umri wa watoto wake.

Si kwamba hakuwahi kuwa na uwezo. Alikuwa nao, na zaidi ya mara moja. Kila mara alitokea kijana fulani anayehitaji nauli ya mji mkuu, au kodi ya chumba, au viatu vya kuvaa mbele ya jopo. Dada yake Koulsoum, aliyekuwa akimtunzia nyumba tangu afiwe na mkewe wa ndoa ndogo isiyo na karamu, alimtania mbele ya wageni: "Kaka yangu ameoa shahada za watu." Wageni walicheka, naye alicheka pamoja nao. Lakini ilimuuma. Ilimuuma kila Ijumaa, alipokuwa akiinama na birika mbele ya mwanamume aliyemzidi anda tu.

Sasa ikatokea kwamba hakimu wa Hell-Ville, kule Nosy Be, alifika Mahajanga kwa shughuli zake, akaliona lile benchi na kuuliza habari zake. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapofikiri. Akamwambia Abdérémane kwamba alikuwa na nafasi moja, iliyopata kibali kabla ya ile amri: msaidizi wa kusikiliza na kupatanisha magomvi ya watu kabla hayajawa kesi, kuanzia Hell-Ville mpaka Dzamandzar. Isipopata mtu kabla ya mwisho wa mwezi, mji mkuu ungeifuta, na ikishafutwa haitarudi.

"Mtume kijana wako mbele ya jopo," alisema hakimu. "Tutakuwa watatu: mimi, mkuu wa wilaya, na mzee wa baraza. Mzee wetu anaitwa Mikidache, wa kijiji cha Marodoka."

Jina la Mzee Mikidache Abdérémane alilijua, kama alivyolijua kila Mngazidja wa pwani ile. Alikuwa mkamuaji wa mafuta ya maua ya langilangi aliyefunga safari mpaka Ngazidja, akafanya anda ambayo watu waliisimulia kwa miaka, kisha akarudi Marodoka na kukaa safu ya mbele ya kila safu ya mbele.

Abdérémane na Boinali walipanda meli ya pwani pamoja. Sitaki kusema uongo: wakili alikuwa na hofu zaidi kuliko kijana. Usingizi ulimkataa, chakula kilimkataa, na kwa kuwa hofu ya mtu mwenye maneno hutoka kwa maneno, alimfundisha Boinali njia nzima.

"Sheria unaijua," alisema, ameshikilia ukingo wa meli. "Usiogope sheria. Uogope utovu wa adabu. Pale atakuwapo mtu mzima wa kwetu. Akisema, wewe unanyamaza. Ukiulizwa baada yake, unainamisha macho na unajibu: mkubwa ameshasema. Atakupenda. Akikupenda, nafasi ni yako."

"Ndiyo, Baba."

"Rudia."

"Mkubwa ameshasema."

Walifikia Dzamandzar, kwa mjomba wa Boinali, ndugu wa mama yake, mtu mnene wa kucheka ambaye nyumba yake ilinuka sukari kwa sababu mji mzima ulinuka sukari. Jioni ile ndugu walikuwa wakizungumza kwa Kimalagasi kuhusu harusi ya mpwa mmoja. Mjomba alitaka ifanywe kabla ya mavuno ya miwa. Akainuka binti mdogo wa nyumba, mikono ameikunja kifuani, akaanza kuomba radhi. Azafady kwa waliomtangulia kuzaliwa, azafady kwa waliokaa na waliosimama. Yeye si kichwa bali ni mkia, si mwanzo bali ni mwisho. Lawama aliiondoa kwake, akaiondoa kwa watoto wake wasiozaliwa, akaitupa mbali. Alipomaliza kuitupa, akamwambia mjomba waziwazi kwamba amekosea, kwamba kabla ya mavuno hakuna mwenye chochote mkononi. Mjomba akakuna kichwa, akakubali. Abdérémane alitabasamu kwa adabu, na moyoni akasema: maneno yote hayo kwa jambo dogo vile!

Kesho yake jopo lilikaa katika chumba cha mahakama ya Hell-Ville, mlango wazi, na Abdérémane akakaa kiti cha nyuma kabisa. Hakimu aliuliza maswali yake kwa Kifaransa, na Boinali akayajibu yote, kwa sauti ndogo lakini bila kusita. Mkuu wa wilaya aliuliza yake kwa Kimalagasi, na kijana akajibu vilevile. Abdérémane akaanza kupumua.

Kisha hakimu akatoa kisa. "Mtu amepanda milangilangi kwenye shamba la shemeji yake, kwa ruhusa, mbele ya mashahidi. Ameitunza mpaka imetoa maua. Shemeji amefariki, na warithi wanataka shamba lao pamoja na miti. Utawaambia nini?"

Kabla Boinali hajafungua mdomo, Mzee Mikidache aliinama mbele. Alikuwa mzee mfupi, mikono yake inanukia maua, tangawizi ya sukari imejaa shavu moja. "Hilo ni jepesi," akasema. "Mti hufuata ardhi, kama mkia unavyofuata ng'ombe. Aliyepanda kwenye shamba la mtu amempandia mwenye shamba." Akaegemea kiti, akamtazama kijana.

"Na wewe unaonaje?" hakimu akauliza.

Boinali aliinamisha macho. "Mkubwa ameshasema."

Hakimu akasubiri. "Nimemsikia. Nakuuliza wewe."

"Mkubwa ameshasema, mheshimiwa."

Mkuu wa wilaya akajaribu kwa upande wake, akauliza kama hakuna namna nyingine ya kulitazama jambo hilo. Boinali alizidi kuinama. Jasho lilimtiririka shingoni, na kila mtu mle chumbani aliona kwamba jibu lilikuwa limemjaa mdomoni. Lakini halikutoka.

Hakimu alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Tunatafuta mtu wa kukaa kati ya watu wasiokubaliana," alisema bila ukali. "Anayeshindwa kutokubaliana yeye mwenyewe atawafaa nini?" Mzee Mikidache alikuwa amenuna.

Nje, chini ya jua, Boinali aliuliza, "Nimekosea wapi, Baba?"

Abdérémane alitamani kumlaumu hakimu, au mzee, au mji mkuu na amri zake. Lakini maneno yaliyomponza kijana aliyasikia yakitoka kwa sauti yake mwenyewe, pale kwenye ukingo wa meli. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Hukukosea," alisema. "Umefanya nilivyokwambia."

Boinali akaitikia kwa kichwa, polepole. "Basi turudi na meli ijayo. Bandarini bado wanachukua watu." Hakusema kwa hasira, na upole huo ndio uliomchoma wakili kuliko hasira.

Meli ijayo ilikuwa ya wiki nyingine. Ijumaa ilipofika, Abdérémane alikwenda Marodoka peke yake, akasali pale, na baada ya sala akawafuata watu mpaka nyumbani kwa Mzee Mikidache, ambako wakubwa walikula pamoja. Wakubwa walikaa kwenye mikeka. Wana wa mji walisimama ukutani. Abdérémane, wakili wa mahakama za jimbo, mwenye mvi na miwani, akachukua birika na beseni bila kuambiwa, akapiga goti mbele ya mzee.

"Kwezi," akaamkia, kama mdogo anavyomwamkia mkubwa.

"Mbona," mzee akaitikia salamu, akanyoosha mikono.

Mwana wa mji ana ruhusa ya swali moja tu mbele ya wakubwa, nalo akaliuliza. "Maji yanatosha, mkubwa?"

Mzee Mikidache akamtazama kwa jicho moja. "Hayatoshi. Mimina. Na hicho ulichokibeba moyoni kimimine pia, chakula kinapoa."

Abdérémane akamimina. "Yule kijana si mjinga, mkubwa. Jibu alikuwa nalo. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nilimwambia mbele yako anyamaze."

"Kumbe ni wewe!" Mzee alirusha mikono, maji yakawarukia majirani zake. "Ni wewe uliyeniharibia siku yangu! Unajua tangu nifanye anda hakuna anayenibishia? Nikisema mvua itanyesha, watu wanachukua miavuli, na jua linawaka! Alikuwapo mke wangu, naye siku hizi amechoka. Uzee wa baraza niliupokea kwa sababu ya yule hakimu Mfaransa wa zamani. Tulibishana mpaka mishipa ikamtoka. Uhuru ukaja, akaondoka. Nikasema haya, sasa wanaleta kijana wa sheria, nitapata mtu. Nikaja na hoja tatu kwa ajili ya ile milangilangi. Tatu! Zote nimerudi nazo tumboni."

Wakubwa wenzake walitazama kwingine. Ilionekana si mara ya kwanza kuyasikia. Abdérémane alibaki amepiga goti, birika mkononi, hajui acheke au aombe radhi.

"Na wewe mwenyewe," mzee aliendelea, ameanza kupoa, "mtu wa umri huu, wakili mzima, mbona bado unabeba beseni? Ng'ombe wa anda yako wako wapi?"

"Waliliwa mapema, mkubwa."

"Na nani?"

"Na hawa vijana."

Mzee Mikidache alimwangalia tena, safari hii kwa macho yote mawili. Alifuta mikono yake. "Sijatia sahihi," alisema mwishowe. "Hakimu hawezi kupeleka jibu bila sahihi yangu. Jumatatu nitamwambia nataka kumsikia kijana tena. Lakini sitambeba, wakili. Nitasema yaleyale, kwa sauti ileile. Nikimwona ameinamisha macho, natia sahihi akataliwe, na nafasi iende zake."

Abdérémane alirudi Dzamandzar mbio, na siku zilizobaki alijaribu kuyafuta aliyoyafundisha. Ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Alikaa kitini, akavimbisha shavu, akasema, "Mti hufuata ardhi!" Boinali alifungua mdomo, akaufunga. "Siwezi, Baba. Namwona yeye." Abdérémane akasema haya, nitakuonyesha mimi. Akamkalisha Boinali kitini, akamvisha kofia ya mjomba, akasimama mbele yake tayari kunguruma.

"Mti hufuata ardhi," Boinali alisema, kwa sauti ya mzee kabisa.

Na wakili, aliyewatikisa mahakimu wa Kifaransa na wa Kimalagasi, akajikuta anatazama sakafu. Mjomba, aliyekuwa mlangoni akishona kiatu, alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Boinali akacheka, Abdérémane naye akacheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya vingine. Alikuwa ameona kwamba kitu alichomtaka kijana akifanye, yeye hakuwahi kukifanya maishani mwake.

Jumatatu chumba kilikuwa kilekile na mlango uko wazi. Hakimu hakuonyesha kufurahi wala kuchukia. Alirudia kisa cha milangilangi, na Mzee Mikidache akainama mbele na kusema yaleyale, kwa sauti ileile, mkia na ng'ombe, kisha akaegemea kiti.

"Unaonaje?" hakimu akauliza.

Boinali aliinamisha macho. Abdérémane, kiti cha nyuma, aliwaona mawazoni wapagazi wa bandarini, na kijana mrefu katikati yao, gunia begani. Akafumba macho ili asione kalamu ya mzee ikigusa karatasi.

Alichosikia ni kiti kikisogezwa. Alipofumbua macho, Boinali alikuwa amesimama, mikono ameikunja kifuani.

"Azafady," alisema kijana kwa Kimalagasi, kwa lugha ya wajomba zake. "Azafady kwa waliokaa mbele yangu, azafady kwa walionitangulia kuzaliwa. Mimi si kichwa, mimi ni mkia. Si mwanzo, ni mwisho. Kama ninayotaka kusema yana lawama, lawama naiondoa kwangu, naiondoa kwa mama yangu na kwa wote wa nyumbani, naitupa baharini iende na maji."

Mkuu wa wilaya, Msakalava, alikaa wima akaitikia kila kipande kama inavyopasa. Boinali akashusha pumzi. Kisha akainua macho, akamtazama Mzee Mikidache usoni.

"Mkubwa amesema mti hufuata ardhi kama mkia unavyofuata ng'ombe. Lakini mkia huzaliwa na ng'ombe. Mti huu haukuzaliwa na shamba lile. Uliletwa, ukapandwa kwa ruhusa, watu wakiona. Warithi wamerithi shamba, na ahadi ya marehemu wamerithi pia. Shamba ni lao. Miti ni ya aliyeipanda, au wamlipe thamani yake."

Mzee alitema tangawizi kwenye leso. "Ahadi hufa na mtu!"

"Deni halifi na mtu, mkubwa, na ahadi ya mbele ya mashahidi ni deni."

"Na akitaka kupanda mingine? Shamba lote ligeuke lake?"

"Ruhusa ilikuwa ya miti ile, si ya msitu. Mingine aombe upya."

"Na kama mashahidi hawapo?" Mzee alikuwa amesimama sasa, kofia imeenda upande. "Wamekufa wote! Hakuna aliyeona!"

Boinali akafikiri. Hakuharakisha. "Kama hakuna aliyeona, mkubwa, hapo mti unafuata ardhi. Hapo haki ni yako."

Mzee Mikidache akaketi taratibu, uso umemng'aa, akamgeukia hakimu. "Umesikia? Nimeshindwa mara mbili na nimeshinda mara moja. Zile kumi nilizoshinda mwaka huu hakuna aliyenibishia, hazina ladha." Akachukua kalamu. Hakimu alifuta miwani, ingawa haikuwa na vumbi, na akamwambia Boinali aripoti kazini Jumatatu inayofuata. Abdérémane alitoka nje kabla ya wengine, akasimama nyuma ya jengo mpaka macho yake yalipokauka.

Ijumaa ile Mzee Mikidache aliwaalika wote wawili Marodoka. Baada ya sala wakubwa walikaa kwenye mikeka, sinia zikaingia, na Abdérémane, kwa mazoea ya maisha yake yote, akanyoosha mkono kuchukua birika. Hakulikuta. Boinali alikuwa ameshalichukua.

Kijana alipiga goti mbele ya Mzee Mikidache, akamnawisha. Akamnawisha aliyefuata, na aliyefuata, mpaka mwisho wa mkeka. Hapo kazi ya birika huishia. Wana wa mji hunawa wenyewe, nje, baadaye. Boinali hakuishia hapo. Alivuka chumba na birika lake mpaka ukutani, alikosimama Abdérémane, akapiga goti.

"Kijana," mzee mmoja akakohoa, "umepita mpaka."

"Azafady kwa wakubwa," alisema Boinali bila kuinuka. "Mimi ni mkia. Lakini ng'ombe wa huyu tumewala sisi. Nimewala mimi, amewala Youssoufa wa forodha, amewala Fatima, na walikuwapo wengine kabla yetu."

Chumba chote kikamgeukia Mzee Mikidache. Mzee alifungua mdomo. Kila aliyemjua aliona hoja zikijipanga nyuma ya meno yake, na desturi yote ilikuwa upande wake. Alimtazama kijana, akamtazama yule wakili mwenye mvi ukutani. Kisha akaufunga mdomo.

"Hapo," akasema, "sibishi."

Mtu akasogea kidogo kwenye mkeka, pakawa na nafasi. Abdérémane alikaa, akanyoosha mikono yake juu ya beseni. Boinali alimimina polepole.

"Maji yanatosha, mkubwa?" akauliza.

Wakili Abdérémane Soudjay akaitikia kwa kichwa, lakini kijana akaendelea kumimina.